Baba ana Parkinson: dawa imemrudishia miguu, lakini sasa ndipo anaanguka. Naomba ushauri

BintiWaMwalimu (Nakuru)

Wadau, hamjambo. Mnivumilie, maelezo ni marefu.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, miaka 71, yuko nyumbani Khayega, Kakamega. Mimi kazi imeniweka Nakuru, kwa hivyo anayeshinda naye kutwa ni wifi yangu. Baba ana Parkinson. Ilianza na mkono wa kulia kutetemeka akiwa ametulia tu, mwandiko ukazidi kuwa mdogo hadi sahihi yake ikawa haitambuliki, kisha akaanza kuburuta mguu. Kijijini yalisemwa ya kusemwa, nani kamroga na kwa ajili ya shamba gani, hayo nayaruka. Mwishowe tukamfikisha Eldoret, Moi Referral, daktari wa neva akamwanzishia levodopa yenye karbidopa.

Dawa ilimsaidia, hilo silipingi. Mtu aliyekuwa akivuka sebule kwa vihatua vya kuparuza sakafu alianza kwenda sokoni Khayega mwenyewe na kurudi na gazeti kwapani. Kliniki iliyofuata daktari akaongeza dozi kidogo, miguu ikazidi kufunguka. Shida ni kwamba tangu hapo ndipo anaanguka. Alipokuwa mzito hakuwahi kuanguka. Juzi kaanguka kando ya boma la ng'ombe, akapasuka juu ya jicho, akashonwa.

Baba mdogo ameshatoa hukumu: ni dawa inayomwangusha. Ameanza kumshawishi aruke ile ya jioni. Wifi hataki kukosana na wazee, na mimi napigiwa simu na pande zote mbili. Jameni, dawa ya kumtembeza mtu inaweza kumwangusha? Tuipunguze? Tuiache? Kliniki yake bado.

MvuviMstaafu (Kisumu)

Pole sana binti yangu. Nakujibu nikiwa ndani ya ugonjwa wenyewe, miaka mingi sasa.

La kwanza, mwambie baba mdogo, kwa heshima zake zote, asiguse dawa hiyo. Levodopa haikatwi ghafla. Mtu akiikata kwa mkupuo mwili unaweza kukakamaa kabisa, homa ikapanda, akapoteza fahamu, na hapo tutakuwa tunazungumzia kulazwa akiwa mahututi. Ikibidi kupunguzwa, hupunguzwa na daktari, kidogo kidogo.

Sasa swali lako. Ugonjwa huu unakula seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha ubongo kuendesha mwendo wa mwili, na levodopa ikifika ubongoni hugeuzwa kuwa dopamini. Kinachorudi upesi ni vile vitu vinavyoisubiri dopamini hiyo: hatua inarefuka, mwendo unapata kasi, mkono unaanza kupunga tena, kuinuka kitini si vita. Lakini kuna kitu kingine, ile hali ya mwili kujidaka wenyewe. Wewe ukigongwa bega kwenye foleni ya matatu, mguu unarudi nyuma hatua moja kabla hujafikiria. Mimi hatua hiyo haiji, au inakuja nimeshafika chini. Daktari huipima kwa kusimama nyuma yako na kukuvuta mabega ghafla. Hata dawa ikiwa imeshika barabara, natembea hadi ufukweni Dunga bila fimbo, lakini nikivutwa hivyo naenda mzima mzima, sharti anidake.

Basi baba yako amerudishiwa miguu, hajarudishiwa mizani. Alipokuwa mzito hakuanguka kwa sababu hakuwa akienda popote! Sasa anageuka haraka, anainama kufungua lango, anabeba ndoo, anataka kufanya yote aliyoyafanya akiwa mwalimu mkuu. Kichwa kinaona miguu imepona na kinaiamini kupita kiasi. Mimi huu ndio mtego ulionikamata zaidi ya mwingine wowote, na sijasikia ukielezwa kliniki vya kutosha. Wanakuuliza, "Unatembea vizuri?" Ukisema ndiyo, wanafunga faili.

Nina ombi. Usihesabu anaanguka mara ngapi, andika anaanguka saa ngapi. Wifi awe na daftari: saa ya dawa, saa ya chakula, saa ya kuanguka, alikuwa akifanya nini. Mwenye kuanguka dawa ikiwa imeisha nguvu mwilini, miguu huganda na kiwiliwili kikaendelea mbele. Mwenye kuanguka dawa ikiwa juu ni haraka yake, au ni ule mwili kuchezacheza ovyo unaoletwa na dozi kubwa. Mwenye kuanguka akishasimama tu, huyo tazama presha. Tiba zake hazifanani, na nyingine zinapingana: wa kwanza pengine aongezewe, wa pili pengine apunguziwe. Ukimpelekea daktari neno "anaanguka" peke yake, atabahatisha.

Simba_wa_Elgon (Bungoma)

Mnasumbuka bure na za hospitali. Kuna mzee kwetu Kimilili alipikiwa uji wa unga wa mbegu za upupu, kutetemeka kukapungua. Ni dawa ya asili, haina kemikali. Dada, njoo inbox nikuelekeze.

MfamasiaNax (Nakuru)

Ndugu Simba, kaa hapa hapa tuzungumze mbele ya watu.

Upupu si uongo. Mbegu zake zina levodopa, ile ile iliyo kwenye vidonge, na India wameutumia tangu kale. Sasa hapo "haina kemikali" imeishia wapi? Kinachonitia wasiwasi ni kwamba kijiko cha unga hakina kipimo: mbegu za shamba hili zina nyingi, za shamba lile kidogo. Tena haina karbidopa, ambayo kazi yake ni kuizuia levodopa isigeuzwe ikiwa bado njiani mwilini, kabla ya kufika ubongoni. Bila hiyo, sehemu kubwa inaharibikia njiani na kukuachia kichefuchefu na presha kushuka. Na mzee huyu tayari anameza vidonge. Ukimwongezea uji wa upupu umempa dozi juu ya dozi, naye ni mtu ambaye tayari anadondoka.

Dada, nina maswali matatu. Pakiti imeandikwa namba gani, 25/100 au 25/250? Namba ya pili ndiyo levodopa, kwa miligramu. Nimeona watu wakibadilishiwa moja kwa nyingine kwa sababu ile ya kawaida imekosekana, wakaendelea kuhesabu vidonge vile vile huku levodopa imezidi maradufu na nusu. Pili, anaimeza na nini? Tatu, nataka dawa zake zote, na nikisema zote hata zile alizonunua bila karatasi ya daktari. Wifi azimwage mezani apige picha.

Kamau_wa_Njoro

Naweka kambi hapa. Shosho yangu ana hii shida na hakuna aliyewahi kutuuliza anakula nini na dawa.

BintiWaMwalimu

Asanteni. Nimeongea na wifi hadi kredo ikaisha, nikanunua nyingine. Picha ya dawa atanitumia kesho, simu yake imezima.

Pakiti ni 25/100, haijabadilika. Anameza saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja usiku. Ya asubuhi anaiteremsha na chai ya maziwa, mayai mawili, na kama kuna omena iliyobaki jana, nayo. Wifi anasema mgonjwa lazima apate nguvu.

Kuhusu kuanguka, Mzee Mvuvi, ulijuaje? Kuna kule kwa alfajiri, kwenye mlango wa choo. Anafika kwenye kizingiti, nyayo hazibanduki, magoti yanatetemeka, halafu kifua kinatangulia. Kuna kule kwa saa nne au saa tano, dawa imeshika, anatembea sawasawa, anaona kuku wameingia kwenye mahindi yaliyoanikwa, anageuka mara moja kuwafukuza, chini. Ile ya boma la ng'ombe ilikuwa hivyo. Na kanisani wakisimama kuimba anaona giza, inabidi akae tena. Hapo hajaanguka bado, kwa sababu ya benchi.

Halafu kuna siku nyingine anakuwa mzito kutwa nzima utadhani hajameza kitu. Wifi hajui sababu. Anasema siku hizo huwa anaamka na tumbo baya.

MfamasiaNax

Hiyo ya tumbo baya iwekeni pembeni kidogo, nitairudia nikiona picha.

Chai ya maziwa, mayai na omena. Levodopa ni jamii ya asidi amino, na vyakula vya protini vikimeng'enywa vinatoa asidi amino. Zote zinapita mlango mmoja, kwanza utumboni, kisha tena kuingia ubongoni. Ukivipeleka kwa pamoja vinasukumana mlangoni, na dawa hubaki nje. Kwa hivyo dozi yake ya asubuhi, ambayo ndiyo anaihitaji kuliko zote, inachelewa au inafika nusu. Aimeze kwa maji, bilauri nzima, nusu saa kabla ya kula au zaidi ya saa moja baada ya kula. Ikimletea kichefuchefu tumbo likiwa tupu, ampe ndizi, kiazi kitamu au mkate mkavu. Uji wa maji sawa, usiwe wa maziwa.

Tafadhali msimnyime protini. Mzee akikonda misuli ya mapaja inaisha na hapo ataanguka hata dawa ikiwa sawa. Omena na mayai yahamie jioni, saa ambayo hana safari. Na kama anakunywa vidonge vya kuongeza damu, vile vya madini ya chuma, visimezwe pamoja na levodopa, viachane kwa saa mbili au zaidi.

Kuhusu alfajiri: dozi ya mwisho kaimeza saa moja usiku. Levodopa hupungua nusu katika damu kwa kama saa moja na nusu hivi. Saa kumi na moja anapoelekea chooni hana kitu. Muulizeni daktari kama ya kwanza inaweza kusogezwa mapema: kidonge na maji viwe kando ya kitanda, ameze, alale tena hadi ishike, ndipo ainuke. Na hadi hapo, ndoo yenye kifuniko chumbani si aibu.

FizioWaShirere (Kakamega)

Habari zenu. Mimi ni wa fizio, yaani tiba ya viungo. Hii ya kuganda mlangoni ndiyo kazi yangu ya kila siku, acha niseme kwa kirefu.

Kosa ninaloliona karibu kila boma: mzee ameganda, mtu anamshika mkono na kumvuta, "twende, twende." Miguu imegoma, wewe unavuta kiwiliwili. Umemwangusha kwa mkono wako mwenyewe. Wifi asimame ubavuni, si mbele. Mzee asimame kabisa kwanza, aache kupigana na miguu. Avute pumzi. Ahamishe uzito kulia, kushoto, kulia, kama anayetikisa mtoto amesimama. Mguu mmoja ukiwa mwepesi, apige hatua moja ndefu kwa kusudi, kisigino kitangulie.

Mistari ya sakafuni inafanya kazi ambayo ukiiona utashangaa. Chukueni rangi nyeupe, au hata utepe wa gundi, mchore mistari inayokatiza njia ya kuelekea choo, pengo kati ya mmoja na mwingine liwe sawa na hatua ya kawaida, na ipite kizingiti hadi ndani. Aambiwe avuke mstari, asiambiwe atembee. Kutembea bila kufikiri kunategemea ile sehemu ya ubongo iliyoharibika, lakini kuvuka kitu unachokiona kwa macho kunapitia njia nyingine ambayo bado ni nzima. Mdundo pia ni hivyo hivyo. Nilikuwa na mgonjwa wa Shinyalu aliyekuwa akiganda kila mlango, lakini ukimpigia mdundo wa ngoma ya isukuti kwa vidole juu ya meza anatoka nje kwa mwendo wa harusi. (Na isukuti yenyewe UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaotakiwa kulindwa haraka. Nilimwambia mzee yeye analindwa na ngoma, ngoma nayo ilindwe na yeye. Alicheka sana.) Mwalimu pengine ana wimbo wa gwaride la shule, auimbe kimoyomoyo.

Ile ya kuku ni kugeuka. Mtu mwenye Parkinson asizunguke juu ya mguu mmoja. Azunguke kwa upana, kama gari refu linavyokata kona, hatua kwa hatua. Na asiwe anafanya mawili kwa wakati mmoja: mkizungumza njiani na kuna jambo zito, simameni, malizeni, mwendelee. Mikono yote miwili isibebe vitu kwa pamoja. Kuku wana wajukuu wa kuwafukuza. Patapata zitupwe, avae kiatu kinachoshika kisigino, na soli isiwe ya mpira mzito unaong'ang'ania sakafu. Mkongojo msimnunulie barabarani kabla hajapimwa. Kwa wengine unakuwa mguu wa tatu wa kujikwaa.

Mzee Mvuvi amesema mizani hairudishwi na kidonge, na nakubaliana naye. Hiyo hujengwa kwa mazoezi, na saa ya mazoezi ni wakati dawa imeshika, karibu na ukuta au meza nzito, mtu akiwa nyuma yake. Kusimama na kuketi bila kutumia mikono, kupiga hatua ndefu nyuma na pembeni, kuhamisha uzito. Muulizieni idara ya fizio, hospitali kuu ya kaunti hapa Kakamega, haina haja ya kusubiri Eldoret.

MamaPendo (Nakuru, Lanet)

Dada, mimi nimemuuguza mume wangu na nataka uisikie ile ya kanisani, maana watu wataicheka kama uzee.

Ile giza ni presha kushuka anaposimama. Ugonjwa wenyewe unaharibu neva zinazobana mishipa ya damu mtu anapoinuka, halafu levodopa nayo inashusha presha, halafu wazee wetu wengi wana kidonge cha presha walichoanza kumeza miaka mingi kabla ya Parkinson. Vitatu vinashusha, hakuna kinachopandisha. Mume wangu kliniki alikuwa anapimwa ameketi, namba nzuri, tunarudishwa nyumbani.

Mwombeni mhudumu wa afya wa kijiji aje na mashine. Mzee alale dakika tano, apimwe. Asimame, apimwe baada ya dakika moja, tena baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, hilo si la kungoja kliniki, mpigieni daktari. Huku mkisubiri: anywe maji ya kutosha, akiamka akae ukingoni mwa kitanda akitikisa miguu kabla ya kusimama, na kanisani aimbe ameketi, Mungu hatakasirika.

Jambo jingine. Mume wangu aliwahi kupewa benzheksoli kwa ajili ya kutetemeka. Mkono ulitulia kweli, lakini akawa anasahau, anaona watu ambao hawapo, anaingia kwenye samani. Kwa mzee aliyepita 70, ukiiona kwenye picha ya dawa, uliza.

BintiWaMwalimu

Picha imefika. Ziko tatu. Levodopa na karbidopa 25/100. Amlodipini ya presha, anameza kila asubuhi tangu nikiwa shule ya upili. Na pakiti iliyobaki nusu ya Plasil. Wifi anasema dozi ilipoongezwa mzee alipatwa na kichefuchefu, wakaenda duka la dawa lililo karibu wakapewa hiyo. Humeza siku ambazo tumbo limechafuka.

MfamasiaNax

Ndiyo hiyo niliyokuwa naisubiri. Hiyo Plasil asiimeze tena.

Plasil ni metoklopramidi. Inazuia kutapika kwa kufunga vipokezi vya dopamini, na inapenya ubongoni. Yaani daktari anamwaga dopamini kwa kidonge kimoja, duka linaifungia mlango kwa kingine. Zile siku zake nzito ni siku alizomeza Plasil. Mwambie wifi alinganishe na atakavyokumbuka.

Iandikeni kwenye kadi, iwe pochini mwa mzee: mgonjwa wa Parkinson, asipewe metoklopramidi, Stemetil, haloperidoli wala klopromazini bila daktari wake kujua. Hizi hutolewa haraka sana, mtu akitapika au akichanganyikiwa usiku wodini. Iliyozoeleka kwa kichefuchefu cha levodopa ni domperidoni, kwa kuwa haipenyi ubongoni kirahisi, ila ina mambo yake na moyo, kwa hivyo iandikwe na daktari, msiinunue tu. Pengine akila ile ndizi haitahitajika kabisa.

Amlodipini msiiguse nyinyi. Pimeni kama Mama Pendo alivyoeleza, mpige simu.

Simba_wa_Elgon

Nimesoma yote, nimenyamaza kuhusu upupu. Lakini semeni ukweli, nauli ya Eldoret kwenda na kurudi na mgonjwa na mtu wa kumshika si mchezo. Ndiyo maana watu wanatafuta mbegu.

MvuviMstaafu

Hapo umesema kweli, mwanangu, na mimi nimeruka kliniki kwa sababu hiyo hiyo. Ila tazama yaliyosemwa hapa: kuhamisha omena jioni, kuchora mistari, kuacha Plasil, kupima presha kijijini. Hakuna lililohitaji nauli. Nauli ya Eldoret iende kwa lile linalohitaji daktari.

BintiWaMwalimu

Wadau, narudi na habari kama nilivyoahidi wengine inbox.

Mhudumu wa afya alikuja. Akiwa amelala 138/82. Akiwa amesimama 108/70. Nilimpigia daktari namba hizo na akataka aletwe mapema, hatukungoja tarehe. Amlodipini imepunguzwa nusu, tutapima tena. Levodopa haikupunguzwa! Jumla ya siku imebaki karibu ile ile ila imegawanywa, dozi ndogo ndogo zaidi kwa siku, ya kwanza saa kumi na moja alfajiri kitandani. Kuhusu Plasil daktari alitikisa kichwa tu, akaandika kwa wino mwekundu kwenye kadi.

Mabadiliko: siku nzito zimeisha. Mlangoni mwa choo bado anaganda siku nyingine lakini anajua la kufanya, na baba mdogo, yule yule, ndiye aliyepaka mistari. Ameipaka hadi jikoni ambako mzee haendi. Kuanguka kumepungua, hakujaisha. Ameanguka tena akigeuka ghafla alipoitwa kwa nyuma, kwa hivyo sasa hakuna ruhusa ya kumwita kwa nyuma, njoo mbele yake. Daktari alimvuta mabega kama Mzee Mvuvi alivyosema, na ni kweli, hakupiga hatua hata moja. Fizio ameanza naye.

Swali la mwisho. Wiki ijayo kuna mazishi ya shangazi yake kule Vihiga na hatuwezi kumzuia. Ni gari, kusimama sana, nyama, watu wa kumkumbatia kutoka kila upande. Nimpangeje?

MvuviMstaafu

Poleni kwa msiba. Mazishi ndiyo mtihani wetu mkubwa, maana hotuba hazina saa.

Simu ya wifi iwekwe kengele kwa kila dozi na asimwonee haya mchungaji, kidonge kinamezwa hata maombi yakiendelea. Dawa iwe mfukoni mwa mzee na nyingine kwa wifi, isiwekwe kwenye begi lililofungwa juu ya gari. Aketi ukingoni mwa mstari wa viti, si katikati ambako atajipenyeza akitoka. Wakati wa kwenda kaburini kuna udongo uliofukuliwa, watu wanasukumana na mteremko wa Vihiga unaujua. Abaki kwenye hema, au aende mapema kabla ya umati, mtu mmoja kila upande. Akitaka kutoa heshima zake asimame ameshika kiti. Nyama aipate jioni mkisharudi, mchana ale wali na mboga, watamwona ana madaha, sawa tu. Na mtu mrefu mwenye nguvu awe nyuma yake saa ya kukumbatiana. Hapo ndipo mimi nilipofika chini kwenye mazishi ya shemeji yangu, nikaondoka na mwombolezaji mmoja.

BintiWaMwalimu

Mtu mrefu mwenye nguvu ni kaka yangu, ameshapewa kazi. Baba naye amekubali yote isipokuwa nyama, anataka kujua kama supu inahesabiwa.

MfamasiaNax

Supu ya mifupa bila vipande, kikombe kimoja, saa moja na nusu baada ya dozi. Asiizidishe.